Kivinjari Kipya kwenye Kompyuta ya Tatu

Mliobaki kituoni mliniomba karatasi moja tu ya makabidhiano: funguo ziko wapi, printa inapigwa wapi ikigoma, nani apigiwe simu bomba la jikoni likivuja. Hayo nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati. Printa, kwa faida ya wasiosoma makabati, inapigwa kiganja ubavuni, upande wa dirishani. Haya ninayoandika hapa ni mengine. Nimekaa nyumbani wiki tatu sasa, naamka saa nipendayo, na nimegundua kwamba mtu akikosa foleni ya kuhudumia huanza kujihoji mwenyewe.

Kwa wageni: mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mtu wa kompyuta katika kituo cha ushauri, Tooting, London, juu ya duka la vitambaa. Cheo chenyewe kwenye mkataba kilikuwa kirefu zaidi na hakuna aliyewahi kukitamka. Kazi ilikuwa kukaa na watu wa Kongo, wa Kenya na wa kwetu, wanaokijua Kiswahili kuliko Kiingereza, tukajaza pamoja fomu ambazo nchi hii imeamua zijazwe mtandaoni tu. Kule Tanga nilikuwa mpiga chapa wa wakili, nikijivunia kasi ya vidole vyangu. London nilisafisha maofisi miaka saba, nikifuta vumbi kwenye kompyuta za watu bila kuziwasha. Kwa hiyo siku niliyokabidhiwa ya kwangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifuta.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Ramesh, mzaliwa wa Kisumu, mzee mwembamba aliyekuja kila siku kutoka Southall na chakula chake kwenye makopo ya chuma yaliyopandana matatu. Yeye alianza kwa kuhamisha kiti changu. Nilikuwa nimekiweka ng'ambo ya meza, kumkabili mteja, kama nilivyomwona wakili wangu akifanya.

"Mama, ukikaa mbele yake, wewe ni serikali," aliniambia. "Kaa hapa kando. Na hii mouse, mkono yake, si mkono yako."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa baba mmoja wa makamo aliyebeba nyaraka zake zote kwenye boksi la birika la umeme. Nilitaka aone vidole vya Tanga. Nikamjazia fomu yote kwa dakika kumi, naye akinitazama mdomo wazi. Bwana Ramesh akaja, akasoma, akasema kazi nzuri sana, kisha akafuta kila kitu. Tukaanza upya, mara hii mkono wa mteja ukiwa kwenye mouse, na tulimaliza baada ya saa moja na nusu. Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Wiki iliyofuata baba yule alirudi, akaketi peke yake, akaingia kwenye akaunti yake, akasoma jibu lake akaondoka. Bwana Ramesh alifurahi siku nzima. Mimi, niseme kweli, nilinuna kwa sababu hakuniaga.

Miaka ile ya mwanzo nilijifunza mambo ambayo hayamo kwenye semina yoyote. Nilijifunza kwamba karibu nusu ya wateja wangu wa Kongo wamezaliwa tarehe moja Januari, kwa sababu ndiyo tarehe wanayoandikiwa wasiokuwa na cheti. Salamu zangu za siku ya kuzaliwa nilikuwa nazituma kwa jumla. Nilijifunza pia kwamba mtu asiyesoma Kiingereza hasomi ukurasa, bali anaukariri. Anajua kitufe chake ni cha tatu kutoka kushoto, cha kijani, chini ya picha ya familia inayocheka. Ukihamisha kile kitufe, umemhamishia mlango wa nyumba yake.

Bwana Ramesh alistaafu mwaka wangu wa tano. Nikabaki na kompyuta tatu, foleni inayoshuka hadi kwenye ngazi za duka la vitambaa, na hakuna wa kufuta nilichoandika. Hapo ndipo nilipoanza kwenda mwendo wangu.

Kila akaunti ilitaka namba ya simu. Sasa, nani alikuwa na namba? Wateja wangu walibadilisha laini kama soksi. Kulikuwa na laini za bure zikigawiwa vituoni, kila moja na ofa yake ya kupiga Kongo, na ofa ikiisha, laini inaenda kwenye pipa. Mara tatu nilimsajilia mtu akaunti kwa namba yake, na mara tatu, alipotaka kuingia, namba ya kuthibitisha ilitumwa kwenye laini iliyokwisha tupwa. Nikachoka. Nikaanza kuandika namba ya simu niliyopewa na ofisi, inayoishia na arobaini na moja. Nilimwambia kila mtu, "Usihangaike, nitakusomea." Wakashukuru sana.

Basi code, yaani zile namba za kuthibitisha, zikawa zinanifuata popote. Nimesoma code nikiwa kwenye basi, nikiwa kwa daktari wa meno, na mara moja nikiwa kwenye harusi Neasden, katikati ya kumtunza bibi harusi, mkono mmoja na noti na mwingine na simu, nikipiga kelele kushinda taarabu: "Sita! Tisa! Tisa! Sifuri! Mbili! Nne!" Shangazi mmoja aliyekaa jirani alidhani nacheza bahati nasibu. Nilinung'unika sana kuhusu usumbufu ule, na niliupenda kuliko nilivyonung'unika.

Halafu ofisi ikabadilisha kampuni ya simu, tukapewa simu mpya na namba mpya. Ile ya arobaini na moja ikafa. Nilijua siku ile ile kwamba nimejipalia makaa. Kubadilisha namba kwenye akaunti kulihitaji code, na code ingetumwa kwenye namba ile ile iliyokufa. Njia iliyobaki ilikuwa kila mteja apige simu kwa wahusika, mmoja mmoja, na mimi nieleze kwa nini akaunti zao zote zilikuwa na namba yangu.

Niliokolewa na kompyuta ya tatu, ile ya karibu na hita. Kivinjari chake cha zamani, ile programu ya kufungulia tovuti, kilikuwa kimeshaaminiwa nazo. Mnakijua kile kisanduku kidogo kinachouliza kama kompyuta hii ikumbukwe; mimi nilikuwa nimekibonyeza kwa kila mteja. Kwa hiyo pale, na pale tu, tovuti zilimfungulia mtu bila kuuliza code. Mteja akijaribu nyumbani kwenye simu ya mwanawe, anagonga mwamba. Akija kwangu, kompyuta ya tatu, mlango unafunguka.

"Mama Zuhura, mkono yako iko na baraka," waliniambia.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliwajibu kwamba labda mtandao wa nyumbani kwao si mzuri. Nilisema hivyo kwa miaka. Walikuwa watu thelathini na wanne.

Sasa tuje kwenye kivinjari. Mwaka wangu wa mwisho alikuja kazini Mwanaidi, wa Mombasa, mama wa watu wazima wawili, aliyekuwa muuguzi kabla mgongo haujamkatalia. Mwanaidi ana mikono mepesi na hana subira na vitu vya zamani, isipokuwa mimi. Asubuhi moja aliniita kompyuta ya kwanza.

"Bi Zuhura, hebu njoo uone. Kivinjari kipya, kimetoka mwezi huu. Chasoma ukurasa kwa sauti, kwa Kiswahili!"

Akabonyeza, na sauti ya bwana mmoja mtulivu ikaanza kutusomea ukurasa wa kaunsili, serikali ya mtaa, kuhusu mapipa ya taka, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Wateja waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama. Dada mmoja wa Bukavu akauliza huyo padri ni nani.

Nikiri kwamba kilikuwa kizuri. Herufi zake zilikuwa kubwa, matangazo yalikuwa yameondolewa, na ukikiuliza swali kuhusu fomu kinakuelezea. Kivinjari chetu cha zamani kilikuwa kimeshaanza kutuwekea mstari wa njano juu ya ukurasa, kikituonya kwamba hakitahudumiwa tena. Mwanaidi alitaka tukijaribu kwenye kompyuta zote tatu. Mkuu wa kituo akasema uamuzi ni wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo muda mrefu. Huo ndio ubaya wa kukaa mahali muda mrefu.

Nikaomba wiki moja ya kufikiri. Nilikiweka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, nikafanya nacho kila nilichozoea: mapishi, habari za Tanga, ratiba ya treni. Binti yangu alinikuta nikikihoji kama mchumba aliyekuja kuposa.

"Mnanisikiliza muda wote au nikiwaruhusu tu?" nilikuwa nakiuliza.

"Mum, it's just a browser," akasema, akachukua ndizi akaenda zake.

Siku ya Jumatatu nilifika kazini na sababu zangu. Nilisema ni kipya mno, tusiwe sisi wa kujaribiwa. Nilisema sauti ile itasoma mambo ya mtu mbele ya foleni nzima, na foleni yetu ina masikio. Nilisema vitufe vimehama, na wateja wetu wanaishi kwa vitufe. Nilisema pia Kiswahili chake kina mushkeli: kilimwambia mama mmoja "awasilishe zabuni ya makazi", na yule mama, ambaye anaomba nyumba ya kaunsili kila Alhamisi bila shida, aliondoka akidhani ameingizwa kwenye biashara.

Mwanaidi alinijibu yote. Sauti tutaitumia kwa vipokea sauti vya masikioni. Vitufe tutawaonyesha, tutachapisha picha zake. Zabuni tutacheka nayo. Upya utaisha, kila kitu huwa kipya siku moja. Mimi nikatingisha kichwa kila jibu, nikitafuta sababu nyingine.

"Sasa waogopa nini, mamangu?" akaniuliza mwishowe. Hakuwa akinicheka. Aliuliza kwa upole wa muuguzi anayejua mgonjwa hajasema yote.

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mfikirieni mtu aliyekaa miaka mingi akisifiwa mkono wake, halafu amwambie mwenzake wa miezi minne kwamba baraka yenyewe ni kisanduku alichobonyeza. Nikalimeza neno lile.

"Vitu vyote vitahamia?" nikauliza. "Maneno ya siri, kurasa, kila kitu?"

"Vyote. Ni kubonyeza mara moja."

Lile neno "vyote" lilinifaa, nikalikumbatia. Sikuuliza zaidi kwa sababu jibu lingeweza kubadilika. Nikakubali, shingo upande, na nikajisifu moyoni kwamba angalau hawataniita mzee. Ijumaa jioni Mwanaidi alihamisha kila kitu, na kwa kuwa ni mtu msafi, akafuta vilivyobaki kwenye kivinjari cha zamani ili siri za watu zisikae ovyo mahali pawili. Alifanya sawasawa kabisa. Ningekuwa nimemwambia ukweli, asingefanya.

Siku tatu za kwanza zilikuwa kama sherehe. Wateja walipanga foleni kumsikiliza padri. Nilianza kuamini kwamba nimepita salama, kwa sababu waliokuja siku hizo walikuwa wapya wote, waliosajiliwa na Mwanaidi kwa namba zao wenyewe.

Alhamisi asubuhi akaja Mama Furaha. Wengi mnamjua: wa Uvira, anasafisha wodi za hospitali, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa lake. Alikuwa akiishi chumba kimoja cha hosteli na watoto watatu, na watoto walikuwa wakifanya kazi za shule kwa zamu, juu ya kitanda, kwa sababu meza haikuenea. Alikuwa ameomba nyumba kwa miaka tisa. Mkononi alishika barua.

"Mama Zuhura, banasema kuko nyumba," akasema. "Vyumba mbili. Minapaswa kujibu kwa kompyuta, mbele ya kesho saa sita mchana. Nisipojibu, banapatia mwingine."

Nilimkumbatia. Tukaketi kompyuta ya tatu. Kivinjari kipya kikajaza jina lake na neno lake la siri chenyewe, vizuri kabisa, na nikaanza kutabasamu. Kisha ukurasa ukabadilika. Bwana mtulivu akatusomea, kwa sauti ile ile ya mapipa ya taka: hatuitambui kompyuta hii, namba ya kuthibitisha imetumwa kwenye simu inayoishia na arobaini na moja.

Maneno ya siri yalikuwa yamehamia. Kuaminiwa hakukuhamia. Tovuti ilikuwa ikikijua kile kivinjari cha zamani kama mtu anavyojulikana na bawabu, na huyu mpya, hata akivaa nguo za mwenzake, bawabu hamjui. Nikafungua cha zamani. Kilikuwa kitupu, kisafi, kimefutwa Ijumaa.

"Arobaini na moja ni simu ya nani?" akauliza Mwanaidi.

Foleni yote ilikuwa ikitusikiliza. Nilisema, "Ni yangu. Ilikuwa yangu." Nikaeleza yote, pale pale, nikiwa nimesimama: laini za bure, harusi ya Neasden, simu mpya za ofisi, kisanduku, na ule uongo wa mtandao wa nyumbani. Nilimtazama Mama Furaha nikiwa naeleza, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nimemfungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Niliona haya hadi miguuni. Mwanaidi alivuta kiti, akanikalisha.

Lakini mtu akitapatapa hushika lolote, nami nikapata wazo. Nikaipigia namba yangu ya zamani, huenda imeshapewa mtu mwingine. Ikaita. Akapokea mzee mmoja wa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa mchezo wa kriketi.

Nikajitambulisha kwa adabu zote. Nikamweleza kwamba namba yake ilikuwa yangu, kwamba sasa hivi amepokea ujumbe wenye tarakimu sita, na kwamba kwa hisani yake anisomee, kwani familia moja inaweza kukosa nyumba.

"Mpenzi," akaniambia, kama wazee wa huku wanavyomwita kila mtu, "nimekuwa nikipokea tarakimu hizo kwa miaka. Nilijua ipo siku mtapiga. Umeieleza vizuri sana hadithi yako. Ile ya nyumba imenigusa. Lakini sikupi kitu."

Akakata. Mwanaidi alijitahidi kutocheka na akashindwa, na nilipomwona nikashindwa na mimi. Kila Jumanne nilikuwa nawafundisha watu kumjibu tapeli hasa hivyo. Yule mzee angefaa kuwa mwalimu msaidizi.

Ikabaki njia niliyoikwepa miaka yote, kuwapigia kaunsili. Mashine ikatuambia sisi ni wa ishirini na sita kwenye foleni, ikatuwekea muziki. Tuliuweka muziki ule mezani, tukangoja. Mwanaidi alihudumia wengine. Mimi nilikuwa nikijiandaa kuongea: nimezoea kuwasemea watu, najua maneno yao yote. Baada ya dakika hamsini akapokea binti mmoja, na kabla sijafungua kinywa akasema atazungumza na mwenye akaunti tu.

Mama Furaha akaivuta simu. Akaanza kujibu kwa Kiingereza chake cha wodini, cha maneno machache yaliyonyooka. Jina. Tarehe ya kuzaliwa, moja Januari. Anwani ya kwanza London: akaitaja, pamoja na namba ya basi linalopita mlangoni, ingawa hakuulizwa. Majina ya watoto na shule zao. Kwenye swali moja alisita, nami nikainama kumdokeza. Yule binti akasikia pumzi.

"Kuna mtu anakusaidia hapo?" akauliza.

"Yuko mtu," akajibu Mama Furaha, "lakini ananyamaza."

Nikanyamaza. Naweza kusema ni dakika nilizofanya kazi ngumu kuliko zote katika miaka kumi na tisa, kukaa kando ya mteja na mikono mapajani.

Mwishoni binti akamwomba namba mpya ya simu. Nilianza kutafuta karatasi ili nimwandikie yangu ya sasa, Mungu ni shahidi, hata baada ya yote hayo. Mama Furaha hakunitazama. Akaitaja namba yake kwa kichwa, tarakimu zote kumi na moja, bila kukwama, kama mtu anayetaja jina la mama yake. Alipokata simu nikamuuliza amekuwa na laini ile tangu lini.

"Tangu myaka sita," akasema. "Myaka yote ile, ni ile ile moja. Haukuniuliza."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniingia. Miaka ile ya laini za kutupa ilikuwa imekwisha zamani, watu walikuwa wametulia, wamepata mikataba, na mimi nilibaki nimewashika kwenye namba iliyokufa kwa sababu sikutaka kuuliza swali la maneno matatu.

Code ikaingia kwenye simu yake. Aliiandika mwenyewe. Ukurasa ukafunguka, kitufe cha kijani kikajitokeza, na padri akatangaza kwamba unaweza kuikubali nyumba hii au kuikataa. Mama Furaha akabonyeza, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa, akalia. Foleni ikapiga makofi. Dada mmoja akapiga vigelegele hadi mwenye duka la vitambaa akapanda kuuliza kulikoni.

Siku hiyo hiyo nilimweleza mkuu wa kituo, naye akanipa muda uliobaki nisafishe nilichochafua. Walibaki watu thelathini na watatu. Nilimpigia kila mmoja, nikakiri, nikamwomba aje na simu yake, nikakaa kando wakati akiongea na wahusika. Wengi walicheka. Baba mmoja aliyekuwa akija kwa mabasi mawili kila mwezi, kwa sababu nilimwambia mtandao wa kwake ni mbovu, alinigombeza dakika kumi nzima, naye alikuwa na haki ya ishirini. Ishirini na wanane kati yao walikuwa na namba zao za siku nyingi. Siku yangu ya mwisho hakuna aliyehitaji kompyuta ya tatu. Niliifuta vumbi, nikaondoka.

Kivinjari kipya, msikiondoe. Nimekitukana hapa lakini kinafanya kazi nzuri, na Mwanaidi alikuwa sahihi kwa kila alilosema. Kitakapotoka kingine, maana kitatoka, kijaribuni kwanza kwenye kompyuta moja, kwa wiki mbili, na cha zamani msikifute. Katika wiki hizo jiulizeni cha zamani kinajua nini ambacho nyinyi hamkijui. Na kama kuna mtu kati yenu atatoa sababu nne nzuri za kukataa, mmoja wenu amuulize ya tano, kwa upole, halafu asubiri.

Jumamosi iliyopita nilialikwa nyumbani kwa Mama Furaha. Ghorofa ya tatu, rangi bado inanuka. Kuna meza, na watoto wote watatu walikuwa wameizunguka na madaftari yao, wakinijibu kwa Kiingereza kila nilichowauliza kwa Kiswahili. Aliwahamisha ili tupate pa kuweka vikombe. Hita ya sebuleni ilikuwa haipati moto, kwa hiyo alitaka kuomba fundi wa kaunsili, kwenye simu yake, kwa akaunti ile ile. Nikamwambia aendelee tu, nipo.

Simu ikatoa mlio mfupi kati ya vikombe. Mkono wangu ukaenda wenyewe, kiganja wazi, tayari kuipokea nimsomee. Mama Furaha aliwahi. Akaifunika kwa kiganja chake, akaivuta upande wake wa meza, akaandika taratibu, tarakimu moja moja, midomo ikichezacheza. Alipomaliza akaigeuza kifudifudi. Nilifurahi, na niliumia kidogo, vyote kwa pamoja, na mkono wangu ulikuwa bado uko hewani.

Akaweka kikombe kiganjani mwangu.

"Mama Zuhura," akasema, "kunywa chai."